Mji wa Rio de Janeiro na Viunga Vyake

(Maneno ya mazungumzo juu ya miji mikubwa ya ng'ambo)

Ipo miji mingi duniani iliyojengwa mahali pasipokuwa na kitu cha kutazamwa, na uzuri wake wote ni kazi ya mikono ya binadamu. Rio de Janeiro, mji wa pwani katika nchi ya Brazili, si wa namna hiyo. Mji huu umebanwa kati ya bahari na milima ya jiwe tupu, hata nyumba zake zimekuwa kama maji ya mvua: zimetafuta njia mabondeni, zikajaa kila penye nafasi, na pale nafasi ilipokwisha zikaanza kupanda juu.

Jina lake lilitokana na kosa. Rio de Janeiro maana yake ni Mto wa Januari, kwa kuwa yasemekana mabaharia wa Kireno waliofika hapo siku ya kwanza ya Januari, 1502, waliona mlango wa maji baina ya milima wakadhani ni mto. Hapana mto. Ni ghuba kubwa iitwayo Guanabara, na jina lililokosewa limebaki hata leo. Mji wenyewe ulianzishwa tarehe 1 Machi, 1565. Tangu mwaka 1763 ulikuwa makao makuu ya Brazili, mpaka mwaka 1960 serikali ilipohamia Brasília, mji mpya uliojengwa bara. Kuondoka kwa serikali hakukuupunguzia watu. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wanaokaa ndani ya mipaka ya mji ni zaidi ya milioni 6, bila kuhesabu miji midogo iliyouzunguka.

Mgeni afikaye mara ya kwanza huonyeshwa milima miwili. Mmoja uko mlangoni pa ghuba, nao huitwa Pão de Açúcar, yaani Mkate wa Sukari, kwa sababu umesimama kama ile sukari ya zamani iliyogandishwa katika vyungu vilivyochongoka. Urefu wake ni karibu futi 1,300, na pande zake zimenyooka kama ukuta. Tangu mwaka 1912 watu hupandishwa huko ndani ya vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma. Kwanza hufika kilima cha Urca, kisha hubadili chombo na kuvuka tena hewani. Mwenye kizunguzungu halaumiwi akibaki chini. Lakini aliye juu saa ya jua kuchwa, wakati taa za mji zinapoanza kuwaka moja moja kuizunguka ghuba, huelewa kwa nini watu wa Rio huuita mji wao wa ajabu bila haya yoyote.

Mlima wa pili ni Corcovado, wenye urefu wa futi 2,300 na zaidi, na juu yake imesimama ile sanamu ya Kristo aliyenyosha mikono. Sanamu yenyewe ni ndefu karibu futi 100, nayo ilizinduliwa tarehe 12 Oktoba, 1931. Mwenye kuisimamia kazi alikuwa mhandisi Mbrazili, Heitor da Silva Costa, na mchongaji alikuwa Paul Landowski wa Ufaransa. Ndani ni saruji na chuma, lakini ngozi yake ni vipande vidogo vya jiwe laini, maelfu kwa maelfu, vilivyogandishwa kwanza juu ya vitambaa na wanawake wa mji waliojitolea. Yasemekana baadhi yao waliandika nyuma ya mawe hayo majina ya jamaa zao, kwa hiyo sanamu imevaa majina ambayo hakuna awezaye kuyasoma. Vifaa vyote vilipandishwa kwa gari moshi dogo lenye meno ya chuma, lililofunguliwa na Mfalme Pedro wa Pili mwaka 1884, na ambalo mpaka leo hupandisha wageni. Radi huipiga sanamu mara kwa mara. Mwezi wa Januari, 2014, ilivunja ncha ya kidole gumba, na mafundi wakapanda na kamba kuitengeneza.

Hayo ndiyo yaliyomo katika picha za posta, na wageni wengi huyatazama kisha wakaenda zao pwani ya Copacabana kuota jua. Wamekosa jambo kubwa, nalo walilipita njiani wakati gari moshi lilipokuwa likipanda: ule msitu.

Msitu wa Tijuca huifunika milima iliyo katikati ya mji. Hifadhi yake ina ukubwa upatao ekari 10,000, na nyani wadogo hurukaruka mitini huku honi za motokaa zikisikika bondeni. Mtu angeapa kwamba msitu ule umekuwapo tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Sivyo. Katika karne ya kumi na tisa sehemu kubwa ya milima ile ilikuwa shamba la kahawa. Wenye mashamba walikata miti, wakaichoma, wakapanda mibuni katika miteremko mikali. Udongo ukachukuliwa na mvua, mibuni ikachoka, nao wakahamia mahali pengine wakaacha milima iko uchi. Kisha chemchemi zilizokuwa zikinywesha mji zikaanza kukauka. Katika miaka ya 1840 ukame ulikuwa mkali hata serikali ikaanza kuyatwaa mashamba ya vilimani ili kuokoa maji.

Mwaka 1861 ilitolewa amri ya kuupanda upya msitu, na kazi ikakabidhiwa Meja Manuel Gomes Archer. Hakupewa jeshi la vibarua. Alianza na watumwa sita, nao, jambo lisilo la kawaida, majina yao yamehifadhiwa: Eleutério, Constantino, Manuel, Mateus, Leopoldo na Maria. Watu hao walichukua miche kutoka mabonde yaliyokuwa bado na miti, wakaipandisha mlimani, wakaipanda kwa mikono. Baada ya miaka kumi na mitatu miti ipatayo 100,000 ilikuwa imekwisha kupandwa, na iliyobaki ilifanywa na ndege, upepo na mvua. Maji yakarudi. Mkulima yeyote anayelima kahawa katika miteremko ya Nyeri, Meru au Kilimanjaro anaweza kuifahamu habari hii bila mkalimani.

Msitu huu wa kupandwa una taabu yake pia, nayo ni mti ambao mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hahitaji kuelezwa: mfenesi. Wareno waliuleta kutoka Asia, nao ukaipenda Tijuca kupita kiasi. Wanyama hula mafenesi na kutawanya mbegu, na mahali mifenesi inapokuwa mingi miti ya kwao hukosa nafasi, hata watunza hifadhi wamelazimika kuipunguza. Ni ajabu kuona tunda ambalo Unguja hununuliwa kwa fedha likihesabiwa huko miongoni mwa magugu.

Chini ya msitu iko Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1808, wakati mfalme mtarajiwa wa Ureno alipokimbilia Rio akiogopa majeshi ya Napoleon. Inayo michikichi mirefu iliyopangwa mistari miwili kama askari wa gwaride. Mama yao wote, uliopandwa mwaka 1809, uliuawa na radi mwaka 1972. Inatosha kusema kwamba ni mahali pa kivuli na utulivu, na kwamba apitaye katika mji ule mwezi wa Januari atakihitaji kivuli.

Sasa na tushuke bandarini, mahali ambapo miaka mingi wageni hawakupelekwa kabisa.

Mwaka 2011 mafundi walikuwa wakichimba mtaa wa Saúde, karibu na bandari, ili kuutengeneza kabla ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2016. Chini ya ardhi wakakuta mawe yaliyopangwa, na chini ya hayo mawe mengine makubwa, yasiyochongwa sawasawa. Lilikuwa gati la Valongo. Hapo, tangu mwaka 1811 lilipojengwa mpaka mwaka 1831 biashara ilipokatazwa kwa sheria, ndipo Waafrika walipokuwa wakishushwa kuuzwa. Kwa makadirio ya wataalamu, watu wapatao 900,000 waliingia Amerika ya Kusini kwa mlango wa Valongo. Hakuna gati jingine katika bara zima la Amerika lililopokea watu wengi hivyo.

Wengi wao walitoka Kongo na Angola. Lakini katika miaka ile wafanyabiashara walianza kupeleka merikebu zao hata upande wa mashariki, kwa kuwa mikataba ya Uingereza na Ureno ilikuwa imeifunga biashara hiyo kaskazini ya Ikweta. Merikebu zilipakia watu katika Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikakata bahari ya Atlantiki. Ilikuwa safari ndefu kuliko ile ya Angola, na waliokufa njiani walikuwa wengi zaidi. Waliofika waliandikwa kwa jina moja tu, Moçambique, kana kwamba ni kabila. Lakini miongoni mwao walikuwamo Wamakua, ambao jamaa zao wako mpaka leo pande zote mbili za mto Ruvuma.

Gati hilo lilifichwa mara mbili. Mwaka 1843 lilifunikwa kwa mawe mazuri ili Teresa Cristina, binti wa kifalme kutoka Naples, apate kushuka kwa heshima alipokuja kuwa mke wa Mfalme Pedro. Kisha mwanzoni mwa karne ya ishirini, mji ulipokuwa ukijengwa upya kwa mfano wa Paris, likafukiwa tena likawa uwanja. Leo wamelifungua likaonekana, mawe ya binti mfalme juu na mawe ya watumwa chini, na mtu akisimama ukingoni huona tabaka zote mbili kwa pamoja. Waliochimba walikuta shanga, kauri, hirizi, na pete zilizosukwa kwa nyuzi za mmea. Mwaka 2017 mahali hapo pakaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Hatua chache kutoka hapo iko nyumba ya kawaida katika mtaa wa kawaida. Mwaka 1996 wenye nyumba walikuwa wakiitengeneza, mafundi wakachimba msingi, wakatoka mifupa. Kwanza walidhani ni mauaji. Kumbe nyumba ilikuwa imesimama juu ya kaburi la wale waliokufa baada ya kufika, kabla hawajapata mnunuzi, ambao waliitwa Weusi Wapya. Walitupwa humo pasipo jeneza wala sanda, tena ardhi ni nyembamba. Wenye nyumba wangeweza kulifunika shimo na kunyamaza, nao hawakufanya hivyo. Waliifungua nyumba yao iwe mahali pa kumbukumbu, na sasa wanafunzi wa shule huingia humo, wakatazama sakafuni, wakatoka kimya.

Mtaa ule una furaha yake pia. Karibu na hapo uko mwamba uitwao Pedra do Sal, Jiwe la Chumvi, ambako chumvi ilikuwa ikipakuliwa na vidato vimechongwa mwambani. Wachukuzi wa bandari, wengi wao wakiwa weusi waliotoka Bahia, walikutana hapo kupiga ngoma, na hapo samba ilipata kukua. Usiku wa Jumatatu watu hukusanyika bado chini ya mwamba, wakaimba wakiwa wameizunguka meza ya wapigaji.

Juu ya mtaa huo kipo kilima cha Providência. Mwaka 1897 askari waliorudi kutoka vita vya Canudos walikaa hapo wakingoja nyumba walizoahidiwa na serikali. Nyumba hazikuja, wakajijengea vibanda. Walikiita kilima Favela, kwa jina la mmea uliokuwa katika kilima cha vitani, na jina hilo likawa ndilo la mitaa yote ya namna hiyo katika Brazili. Leo Rocinha, Vidigal na mingine mingi imepanda miteremko yenye mandhari ambayo tajiri angeilipia fedha nyingi. Zimetokea safari za kuwapeleka watalii huko kwa motokaa zilizo wazi, nao hupiga picha za watu wakianika nguo. Wako wakazi wanaosema kwamba wanatazamwa kama wanyama wa mbugani, na wako wanaosema, na waje, ila wale chakula chetu na wamlipe kijana wetu awaongoze. Maneno ya hawa wa pili yana busara. Aendaye huko aende kwa miguu, na mwenyeji, na kwa siku ambayo mwenyeji amesema ni salama. Kwa maana mapigano ya polisi na wauza madawa si hadithi, na mwaka 2017 haukuwa wa mwisho wala wa kwanza kumwagika damu mlimani. Watu wa kilimani wenyewe ndio wanaoumia kwanza.

Tukiacha milima, twende stesheni kubwa ya Central do Brasil, yenye mnara mrefu na saa inayoonekana kutoka mbali. Humo ndimo huingia kila asubuhi watu wa viungani, na humo hutokea jioni: waashi, wapishi, makarani, wauguzi. Njia ya kwanza ya gari moshi kutoka hapa ilifunguliwa mwaka 1858. Mgeni akipanda gari la kwenda nje ya mji wakati wengine wote wanaingia, atapata kiti, na wachuuzi watamletea biskuti, karanga na sindano za kushonea bila yeye kuinuka.

Vituo vya karibu ni vya Maracanã na São Cristóvão. Katika uwanja wa Maracanã, tarehe 16 Julai, 1950, watu wapatao 200,000 waliishuhudia Brazili ikifungwa na Uruguay mabao 2 kwa 1, wakati ambapo sare tu ingeitosha kutwaa kombe la dunia. Lawama akabebeshwa mlinda mlango, Barbosa, mtu mweusi na mchezaji hodari, naye akaibeba mpaka alipokufa mwaka 2000. Wanaopenda mpira watajua kwamba adhabu ya miaka hamsini kwa bao moja ni kubwa. Huko São Cristóvão iko jumba la wafalme lililokuwa makumbusho ya taifa. Liliungua usiku wa tarehe 2 Septemba, 2018, pamoja na sehemu kubwa ya vitu vilivyokusanywa kwa miaka 200. Kimondo cha chuma kiitwacho Bendegó, chenye uzito wa zaidi ya tani 5, kilibaki mahali pake mlangoni kama kwamba hapakutokea neno.

Mbele zaidi ni Madureira, na hapa mtu wa Afrika hujiona yuko nyumbani. Soko lake huuza mboga, mitishamba, vyungu, ubani na mbuzi. Duka dogo la mboga watu wa Brazili huliita quitanda, nalo ni neno la Kimbundu cha Angola lenye maana ya soko, wala si la kulalia. Unga wa mahindi huitwa fubá, neno la huko huko, na ukisongwa huitwa angu. Aliyekula ugali haoni shida ya kula angu. Vikundi viwili vikubwa vya samba, Portela na Império Serrano, ni vya mtaa huu. Katika kilima cha Serrinha wazee wamehifadhi jongo, ngoma ya watumwa wa mashamba ya kahawa, ambayo mwimbaji hutoa fumbo kwa wimbo na mwenzake hulifumbua kwa wimbo. Kwa muda mrefu wazee walikuwa hawaruhusu watoto kuicheza. Walipoona inakaribia kufa nao, wakabadili desturi, na sasa watoto hufundishwa.

Katika kiunga cha Penha lipo kanisa jeupe juu ya mwamba, lenye vidato 382 vilivyochongwa katika jiwe. Mwezi wa Oktoba mahujaji huvipanda, wengine kwa magoti, kutimiza nadhiri. Kutoka juu huonekana ghuba yote, na bahati mbaya huonekana pia rangi ya maji yake. Iliahidiwa kwamba kabla ya Olimpiki ya mwaka 2016 sehemu kubwa ya maji machafu yangesafishwa. Ahadi haikutimizwa, na wavuvi wa ghuba walijua mapema kuliko wengine wote.

Mwenye siku moja zaidi na avuke maji. Niterói iko ng'ambo, nayo imeungwa na Rio kwa daraja lililofunguliwa mwaka 1974, lenye urefu wa zaidi ya maili 8. Lakini feri ni nzuri zaidi, na watu wa Rio hutania kwamba jambo bora la Niterói ni kuitazama Rio kutoka huko. Mzaha huo si wa haki, kwa kuwa lipo jumba la sanaa lililochorwa na Oscar Niemeyer, mfano wa sahani kubwa juu ya mwamba, lililofunguliwa mwaka 1996.

Feri nyingine huenda kisiwa cha Paquetá kwa muda wa kama saa moja. Huko hakuna motokaa za watu binafsi. Watu huenda kwa miguu na kwa baiskeli, barabara ni za mchanga, na watoto hucheza katikati ya njia bila mama zao kupiga kelele. Ufukoni upo mti mkubwa wenye shina nene ambao wenyeji wameupa jina la mwanamke, Maria Gorda, yaani Maria Mnene. Wageni wa Kibrazili huustaajabia sana, wakaukumbatia na kuubusu, kwa maana yasemekana huleta bahati kwa anayeuheshimu na mikosi kwa anayeudhuru. Mtu wa Kilifi au Bagamoyo akifika hapo hatahitaji kusoma kibao. Ni mbuyu. Mbegu yake ilivuka bahari, mkononi mwa nani haijulikani, nao umesimama pale ukiangalia maji, na watu wakiuzunguka kupiga picha mpaka feri ya jioni ipige honi.